Hatua Sita Nyuma ya Babu Yako

Kwa Mzee Machuki,
Njia ya Kanisa la Wasabato,
Rongo, kupitia Homa Bay.
Jumapili, 14 Agosti 1966

Mpendwa mjukuu wangu Mellen, mke mwenzangu mdogo,

Nakusalimu nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, kalamu mkononi. Ukiona mistari inapanda mlima, ujue ni mkeka, si mimi. Hujambo huko Voi? Joto lenu bado linawakausha? Baba yako Monari mgongo umepona, ama bado anainama kama mtu anayetafuta sindano? Na wewe mwenyewe, kifua, tumbo, meno? Nijibu kimoja kimoja. Usiniandikie "sote wazima" kama simu ya maandishi ya posta.

Sisi hapa tumeamka kwa neema ya Mungu. Njugu tumeng'oa na kuanika, mahindi yameingia ghalani nusu. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Babu yako anakula, analala, anakohoa asubuhi mara tatu halafu anaacha. Ninakuandikia Kiswahili changu cha darasa la ubatizo na cha soko, kwa sababu wewe ulilelewa kando ya reli, na lugha yetu unaijua ya kuomba maji tu. Ukicheka makosa yangu, cheka peke yako, usiwasomee walimu wenzako.

Nina neno kabla ya habari. Barua yako ya mwezi wa saba ilikuja imeandikwa juu "Mpendwa Babu". Nikakaa nisikilize ikisomwa. Babu akasalimiwa, babu akaulizwa mguu, babu akaelezwa wasichana wa shule yako na jinsi unavyowafundisha kuruka kamba. Kurasa mbili. Mwisho kabisa, pale karatasi inapokwisha, "nisalimie Nyanya". Ninajua yeye ni mume wako wa utani na mimi ni mke mwenzako wa utani. Lakini hata mke mwenza hupewa zaidi ya maneno mawili. Babu yako aliikunja ile barua akaiweka mfuko wa shati, akatembea nayo siku nne. Mimi nilipoomba kuiona akasema, "Si umeisikia?"

Basi tuingie kwenye jambo lenyewe, ile karatasi ya mazoezi.

Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba kuna mama mmoja kanisani, mapaja yamemzidi, makalio yamekuwa mzigo, magoti yanalia akitembea. Nikasema, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa mazoezi ya viungo, umtumie njia ya kupunguza mwili wa chini. Ukatuma karatasi mbili na picha umechora kwa penseli. Ukaongeza kwa huruma, "Mwambie huyo mama asikate tamaa." Huyo mama ni mimi. Na huruma yako nakurudishia. Nilidanganya kwa sababu mtu mzima hawezi kumwomba mtoto, ambaye alimwosha matako kwa mikono yake, amfundishe kupunguza ya kwake.

Usidhani ninatafuta urembo wa mjini. Mwili huu haukuwahi kuwa aibu. Nilipoolewa, watu wa huku walisema Machuki amepata mwanamke wa kukaa, si wa kupeperushwa. Nimebeba mtungi, nimebeba watoto saba, nimebeba magunia ya njugu mpaka soko la Rongo, na nyonga hizi ndizo zilizobeba. Kilichonifanya niombe karatasi yako ni wivu. Nimeutaja, tuendelee.

Njia ya kwenda kanisani unaikumbuka. Maili tatu. Unatoka kwetu, unateremka, unapita njia panda ya kwa Onsongo, unavuka kijito, halafu unapanda ule mlima wa ua wa minyaa mpaka juu. Miaka arobaini na sita nimeitembea nyuma ya babu yako. Mke hutembea nyuma ya mume, na mimi nafasi yangu ni hatua sita. Hakuna aliyezihesabu, miguu yenyewe ilizoea. Ninakijua kisigino chake cha kushoto kuliko ninavyoujua uso wangu, maana kioo hatukuwa nacho na kisigino nilikiona kila Sabato. Kina ufa kama njia ya siafu.

Jambo lingine la babu yako ulijue, maana bila hilo hutaelewa. Akishatoka kwenye lango la boma, hageuki nyuma. Baba yake alimfundisha hivyo walipokuwa wakienda kununua ng'ombe mbali: mwanaume akigeuka, safari yake imekufa. Hata mvua inyeshe nyuma yake, hata aitwe, shingo yake ni ya mti. Siku baba yako Monari alipoanguka kijitoni akiwa mdogo, babu yako alisimama akangoja tu, uso mbele, mpaka nikamtoa mtoto na kumpangusa.

Mwaka jana magoti yalianza. Hatua sita zikawa kumi, kumi zikawa mpaka pale kwenye mti. Nikawa nakaa juu ya jiwe la kijitoni nipumue. Nikimwona babu yako ni mgongo mdogo juu ya mlima, kofia na mfuko. Niliuma meno. Njia ilikuwa yetu wawili, na hata ikiwa ndefu ilikuwa bado yetu.

Ndipo Kemuma akaja. Humjui. Ni dada ya Onsongo, mjane, alirudi kwa kaka yake mwezi wa kwanza baada ya mazishi ya mume huko Nyamira. Mwanamke mwembamba kama mwiko wa uji. Kutoka kiunoni kwenda chini hana kitu, rinda linaning'inia kama limesahauliwa kwenye kamba. Sabato ya kwanza aliingia njiani nyuma yangu akanisalimu vizuri. Ya pili akasema, "Mama Monari, wacha nitangulie kidogo." Ya tatu nikiinua macho namwona yuko nyuma ya babu yako. Hatua sita. Mahali pangu hasa.

Mwezi wa pili ukiisha alikuwa ndiye anayebeba mfuko wa babu yako, ule wa Biblia na kitabu cha nyimbo niliomshonea kwa gunia la sukari. Na walikuwa wakizungumza. Babu yako, ambaye kwangu mimi njiani husema maneno mawili, "jiwe" na "tope", alikuwa akizungumza na yule. Nikaona mabega yake yanatikisika. Mellen, alikuwa anacheka. Miaka mingapi sijayaona mabega yale yakicheka.

Utaniambia sisi ni Wasabato na mtu aliyebatizwa haoi mke wa pili. Ninajua. Lakini baba yake alikuwa na wanne, na damu haibatizwi. Kanisa linamkataza, ndio, lakini kanisa haliko njiani. Kanisa liko mwisho wa njia.

Sasa nikueleze nilivyofanya, na pale ulipokosea nikuambie.

Lile zoezi la kukaa kwenye kiti ambacho hakipo nililifanya. Unasema mtu ashuke polepole kama anayeketi, magoti yasipite vidole, halafu ainuke, mara kumi. Siku ya kwanza nilishuka vizuri. Kuinuka ndiko ambako hukunifundisha. Nilibaki pale chini nimeshika mguu wa meza mpaka babu yako akaingia kutafuta mundu. Aliniangalia, akachukua mundu, akatoka. Baadaye niligundua nikishika nguzo ya mlango ninainuka. Andika hivyo kwenye karatasi zako: watu wa magoti mabaya washike nguzo. Na waanze na mara tatu, si kumi. Wewe una miaka ishirini na nne, unadhani kila goti ni lako.

Lile la kulala ubavu na kuinua mguu juu, nililifanya mlango umefungwa. Sitalieleza.

Lile la kupanda na kushuka ngazi, ngazi ziko wapi huku kwetu, mtoto wa stesheni? Nikatumia lile jiwe pana lililo nyuma ya zizi. Kupanda, kushuka, kupanda, kushuka, alfajiri kabla watu hawajatoka kukamua. Na hapo ndipo ulipotaka kunivunjia jina. Huku mtu mzima akionekana alfajiri anarukaruka nyuma ya zizi, hakuna anayesema anafanya mazoezi. Wanasema ni mkimbiaji wa usiku, mchawi aliyechelewa kurudi kwake. Wiki ya pili tu, mzee wa kanisa Makori akafika nyumbani. Akanywa chai. Akauliza mahindi. Akauliza ndama. Akanywa chai nyingine. Ndipo akasema kuna watu wana wasiwasi na miguu yangu.

Nikaenda nikaleta karatasi yako. Makori aliishika juu chini, akaigeuza, akaona wale wanawake wako wa penseli wameinua miguu, akakohoa sana. Akauliza kama mchoraji ni mshiriki wa kanisa. Babu yako akasema neno moja tu: "Ni magoti yake yanamsumbua." Nikashangaa, maana sikuwa nimemwambia magoti. Makori akaamua nifanye mchana, na mlango uwe wazi. Basi majirani wote wamenitazama. Siku ya kwanza walikuja watu tisa. Siku ya nne hakuja mtu. Watu huchoka kutazama kazi.

Kuhusu kula, uliandika nipunguze vitafunio. Wewe hujui biashara ya njugu. Mwenye kubambua njugu hukaa chini miguu imenyooka, asubuhi mpaka jua la jioni, maganda chini, njugu kwenye ungo, na kila baada ya konzi moja, mbili zinaingia mdomoni. Hujui hata umekula. Mimi nilikuwa nakula debe zima kwa mwezi na bado nalalamika soko ni baya. Dawa niliitafuta mwenyewe. Nabugia maji mdomoni nayaweka hapo, nabambua mdomo umejaa. Njugu haina pa kuingia. Benta, yule mama wa Kijaluo tunayekaa naye sokoni, yeye na omena zake, dagaa wa Homa Bay, alisema, "Leo Mungu amenikumbuka, Mama Monari amefungwa mdomo." Nikayameza maji ili nimjibu, na nilipomjibu nikala njugu nne kwa hasira. Lakini kwa jumla imesaidia.

Kigoda changu cha sokoni nimempa Benta. Nauza nimesimama, nazunguka na ungo mpaka kwa wauza ndizi na kurudi. Lori nimeliacha, naenda Rongo kwa miguu na kurudi kwa miguu. Chai nilikuwa natia sukari vijiko vinne, sasa kimoja, na kile kimoja nakikoroga muda mrefu ili nijidanganye. Ugali nakula, usinikataze ugali. Ila nakula jua likiwa bado juu, na sahani siongezi.

Ulisema nipime paja kwa uzi kila wiki mbili. Uzi sikuwa nao, nikakata kamba ya mgomba, mbichi, nikazungusha paja, nikakata pale ncha zilipokutana, nikaitundika juu ya jiko. Wiki mbili baadaye naipima, ncha hazikutani. Zimeachana upana wa vidole vitatu. Nikajua nimenenepa. Mimi ninayekunywa chai chungu na kutembea kama karani wa kodi, nimenenepa. Siku tatu sikula jioni, nikakuchukia wewe na penseli yako. Ndipo Benta akanicheka mpaka akashika omena asianguke. Akaniambia, "Dada, kamba ya mgomba ikikauka si hunywea? Umeitundika moshini halafu unalilia paja?" Mimi niliyefunga matita ya kuni kwa kamba hiyo tangu utotoni. Wivu hula akili kwanza, ndipo hufika mwilini. Akanipa uzi wa nyavu, ule haunywei. Tangu siku hiyo uzi umekuwa ukilegea. Mwezi huu unazunguka paja na kubaki kidole na nusu. Sketi yangu ya kikundi cha Dorkasi cha akina mama kanisani naifunga kwa pini. Na magoti, Mellen, hayalii.

Sasa nifike jana.

Jana nilitoka nyuma ya babu yako viatu vya kanisani nimeshika mkononi, peku. Njia panda ya kwa Onsongo Kemuma akaingia katikati yetu kama kawaida, akapokea mfuko. Nikasema moyoni, ingia, leo utatoka. Tulipofika kijitoni, lile jiwe langu nililipita. Sikulitazama hata. Nikaanza mlima.

Kemuma ana tabia ya kugeuka. Kila hatua chache anageuza shingo anatazama nyuma, na mimi siku zote nilijua anatazama kama nimeshindwa. Jana aligeuka akanikuta kwenye pua yake. Akaruka. "Mama Monari, umetokea wapi?"

"Kwangu. Nipishe."

Hakunipisha. Akaongeza mwendo. Nikaongeza. Fikiria mwenyewe: mzee mbele, shingo ya mti, anatembea kwa heshima kwenda kumwabudu Mungu, na nyuma yake wanawake wawili wazima wanakimbizana kimyakimya mlimani, hakuna anayetaka asikike. Yeye ana wepesi. Lakini miguu yake mitupu haina nguvu ya mlima, inajua kwenda tu, kusukuma haijui. Mapaja yangu yaliyobaki ndiyo yale ya kazi. Kwenye kona ya ua wa minyaa nikampita, bega kwa bega, nikapokonya mfuko begani kwake nikiwa napita. Nikaingia mahali pangu. Hatua sita. Nikakiona kisigino. Ule ufa umeongezeka.

Nilikuwa sijapumua vizuri babu yako akasema, uso mbele, "Sasa amefika wapi?"

Nikaukaza mfuko begani.

Babu yako akasema tena, "Amekaa juu ya jiwe lake? Leo usinichekeshe, niambie tu kama anakuja."

Nikaendelea kutembea.

"Kemuma, si nakuuliza. Mama Monari anakuja?"

Nikasema, "Anakuja."

Alipiga hatua nyingine tatu. Niliona shingo yake inakauka, masikio yanarudi nyuma kama ya ng'ombe. Akasimama. Hakugeuka. Akaiambia njia iliyo mbele yake, "Umefika lini?"

"Sasa hivi."

"Na Kemuma?"

"Yuko nyuma. Nikuangalizie?"

Akaanza kutembea, lakini hatua alizopiga kutoka pale mpaka kanisani zilikuwa za mtu anayebeba mtungi uliojaa.

Baada ya chakula cha mchana nikamkalisha. Nikamwambia aseme. Ilichukua muda, unamjua. Alisema mwaka jana alikuwa anasikia pumzi yangu nyuma yake, nzito, kisha Sabato moja hakuisikia tena. Akadhani nimeanguka. Akatembea maili moja na nusu akidhani ana maiti njiani, na kugeuka hawezi. Tulipokutana mlangoni mwa kanisa, badala ya kusema hofu yake aliniuliza kama nimeona ndama wa Makori, unakumbuka nilikuandikia kwamba babu yako anaanza kupotewa na akili? Ndiyo siku hiyo. Kemuma alipotokea, akamwomba awe anamtazamia. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo yule. Kugeuka na kusema amefika mtini, amefika kijitoni, amekaa, ameinuka.

Nikamuuliza, si ungepunguza mwendo. Akasema, "Ningepunguza ungejua nakungoja. Ungeninunia mpaka Krismasi." Ni kweli. Sikumwambia kwamba ni kweli.

Nikamuuliza, na kucheka? Akatazama chini. Akasema Kemuma alikuwa akimwambia, sasa anagombana na kiatu, sasa anapepea uso kwa rinda, sasa anamtukana mbuzi wa watu. Basi kumbe miezi sita mimi nilikuwa hadithi. Habari zangu zilimfikia mume wangu kila Sabato, lakini zilipita kwanza kwenye mdomo wa mwanamke mwingine, na huko zikatiwa chumvi. Niambie wewe mwenye masomo kama hiyo ni afadhali kuliko nilichokuwa nadhani.

Leo asubuhi Kemuma alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni hakuingia. Akasema, "Mama Monari, hata mimi shingo imeniuma. Kila Sabato nageuka mara ishirini. Marehemu wangu nilitembea nyuma yake miaka kumi na minane. Hakumuuliza mtu hata siku moja kama ninakuja."

Nikamtazama. Mwembamba vile, na alikuwa amevaa rinda lilelile. Nikajua kwamba kwenye ile njia wivu haukuwa wangu peke yangu, na wa kwake haukuwa na mtu wa kumkimbiza. Nikamwambia hiyo si sababu ya kubeba mfuko. Akasema ndio, si sababu. Nikamwambia aingie anywe uji. Akanywa vikombe viwili, huyo anahitaji karatasi ya kumnenepesha, wala si ya kumkondesha. Tumepatana atatembea nyuma yangu mimi. Hatua sita. Akichoka nitasimama, na mimi shingo yangu inageuka.

Mazoezi sitaacha. Usifikiri kwa kuwa nimejua ukweli nitarudi kwenye kigoda. Nataka babu yako aisikie pumzi yangu yeye mwenyewe, kwa masikio yake, bila mkalimani. Asubuhi hii nimeshuka na kuinuka mara kumi na mbili, mlango wazi, bila nguzo.

Ila nina ombi. Kaa chini unichoree karatasi nyingine, kwa penseli, na picha ziwe kubwa maana macho yake yanapungua. Iwe ya shingo. Ya mzee wa miaka sabini na moja ambaye shingo yake ilikauka akiwa kijana, na inatakiwa iweze kugeuka, hata kidogo tu, hata mara moja kwa Sabato. Andika aanze mara tatu, polepole. Na hii mwandikie yeye kabisa, "Mpendwa Babu", maana ikitoka kwangu hataifanya.

Msalimie baba yako Monari, mwambie mama yake anatembea. Msalimie mama yako Marcella, mwambie ile leso aliyotuma inanizunguka kiuno na kubaki sasa. Wasalimie wadogo zako Dishon na Orpah, na wasikae sana kwenye benchi la stesheni. Benta anakusalimu, anasema uje ununue omena. Babu yako anakusalimu, nimemwekea maneno mawili.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha na mtu wa kuuliza kama umefika.

Wako akupendaye, kuliko babu yako anavyokupenda,

Nyanya yako,
Nyasuguta